Dakika Tano za Karani wa Masjala

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile alikuwa na dharau isiyokwenda likizo. Wafanyakazi wenzake aliwaita mbumbumbu, tena mbele ya macho yao, nao walimvumilia kwa kuwa mpini aliushika yeye. Mezani pao palikuwa na skrini na kibodi tu. Kompyuta zenyewe ziliishi ndani ya seva moja kubwa, mashine mama ya ofisi, na yeye ndiye aliyeziwasha, kuzifunga na kuzifuta kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi la skrini yake. Mstari mmoja tu, kompyuta ya mtu haipo. Kwa kazi hiyo basi, alijiona bwana mkubwa.

Kulikuwa na utaratibu. Kabla ya kumfungia mtu, umtumie ujumbe kwenye skrini yake: Hifadhi kazi yako. Zimebaki dakika tano. Fundi aliona huko ni kubembeleza watu wazima. Kuna neno la kulazimisha ambalo ukiliongeza mwishoni mwa amri, hakuna cha ujumbe wala dakika. Alilipenda neno hilo kuliko jina lake.

Jioni hiyo, saa kumi na moja na nusu, wenzake walikwisha kuondoka. Alibakiwa na kazi ndogo moja: kuifuta kompyuta ya karani wa masjala, mama mtu mzima aliyefariki wiki mbili nyuma. Mlango ukagongwa. Alikuwa dada wa marehemu.

"Mwanangu, samahani kukuchelewesha. Ndugu yangu alikuwa anamwandikia bintiye barua, yule aliyeko shule ya bweni. Aliniambia akiwa hoi kitandani, iko kwenye kompyuta, mkaichukue."

"Una fomu?"

"Fomu gani, baba?"

"Basi huna." Hata kichwa hakugeuza. "Haya mambo huyajui, mama. Mimi ndiye fundi."

Kuitoa barua ile kungemchukua muda wa kupiga chafya mbili. Lakini kwake yeye, mtu asiyejua kompyuta hakustahili hata chafya moja.

Mama akalitazama dirisha jeusi. Akanong'ona:

"Huwa mnawaambia, kabla ya kuwafungia?"

"Marehemu aambiwe nini?"

Mama akatoka, ndala zake zikiburuta koridoni.

Fundi akaandika amri, bila neno lake safari hii, maana hakukuwa na mtu wa kulazimishwa. Imefutwa. Akaita orodha ya kompyuta zote ahakikishe.

Kompyuta ya karani ilikuwepo. Hali: inatumika.

Akasonya. Akafuta tena. Imefutwa. Akaita orodha.

Inatumika.

Hapo pua yake ikanasa harufu... Mafuta ya kuchua, yale makali ambayo karani alijipaka magotini, na ambayo fundi aliyacheka miaka minne mizima. Kisha, ng'ambo ya ukuta, masjala...

Tak. Tak-tak... tak.

Mtu anachapa kwa kidole kimoja.

"Kuna mbumbumbu kabaki," alijisemea, akaenda kumfokea.

Masjala ilikuwa tupu. Kiti kilikuwa kimesogezwa mezani, skrini inawaka, na kwenye skrini, barua. Mwanangu mpenzi, nisikilize vizuri... Chini yake mistari iliongezeka, herufi moja moja, na vibonye vilikuwa vinabonyea vyenyewe.

Mwingine angeisoma. Mwingine angeomba radhi. Yeye alitimua mbio hadi kwenye kiti chake, akaandika amri mara ya tatu, na mwishoni akaliongeza lile neno lake.

Kimya.

Orodha ikawa safi. Akacheka kicheko chembamba. Ndipo skrini yake mwenyewe ikafifia, na maneno yakatokea katikati.

Hifadhi kazi yako. Zimebaki dakika tano.

Ofisi nzima, mwenye uwezo wa kutuma ujumbe ule alikuwa yeye peke yake. Na hakuutuma. Mtumaji: karani wa masjala.

Alizingoja dakika tano. Hakukutokea kitu. Hitilafu, akajipa moyo. Kesho yake, saa ile ile, harufu ile ile. Zimebaki dakika nne. Siku ya tatu, dakika tatu, na vidole vyake vimeanza kufa ganzi.

Mdharau mwiba guu huota tende, na lake lilikwisha kuota. Siku ya nne, mchana kweupe, bwana mkubwa alipiga magoti mlangoni kwa dada wa marehemu.

"Mama, nisamehe. Umenifanya nini?"

"Mimi?" Mama alishangaa kweli, au alijua kushangaa. "Mimi sijamfanya mtu kitu. Barua ya mtoto iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Basi irudishe."

"Hairudi, mama."

"Haya mambo siyajui, baba. Wewe ndiye fundi."

Akaufunga mlango, pole pole. Jioni hiyo skrini ilisema mbili.

Leo ni siku ya tano. Wenzake wamekwenda zao bila kumuuliza ana nini, nami simlaumu hata mmoja. Mafuta ya kuchua yananuka tangu adhuhuri. Fundi amekaa masjala, kwenye kiti cha marehemu, anajaribu kuiandika upya barua ya mtoto kwa vidole visivyohisi kitu. Mstari wa kwanza anaukumbuka. Mwanangu mpenzi, nisikilize vizuri.

Wa pili hakuusoma.