Mgonjwa wa Tin Rekkal

"Mgonjwa asifike."

Amri ilikuwa hiyo tu. Sajini Mokrane Aït Slimane aliipokea kwa simu katika uwanja wa Colomb-Béchar, kisha laini ikakatika. Nje, ndege ya jeshi ilikuwa tayari inanguruma.

Sasa walikuwa juu ya Sahara.

Injini moja tu puani. Ikizimika, basi.

Mokrane, muuguzi wa kujifanya, alikuwa amevaa koti jeupe. Mbele yake, kwenye machela, alilala Van Hecke, mlanguzi wa bunduki aliyejifanya mgonjwa, kichwa kizima kimefungwa bandeji. Chini ya machela kulikuwa na makopo ya "dawa ya macho". Mokrane alikuwa ameshachungulia moja.

Arseniki, sumu kali.

Ilikuwa inapelekwa kwenye kisima cha Tin Rekkal. Askari wa ngome walikunywa hapo, na wachungaji na watoto wao. Wakishakufa hao, misafara ya bunduki ingepita bila kuulizwa.

Mokrane aliinamia makopo. Bandeji ikasogea. Mtutu wa bastola ukachomoza.

Alijitupa pembeni. Risasi ikatoboa ukuta. Bastola ya Mokrane, Ruby kuukuu, ikajibu mara mbili, kisha ikakwama. Van Hecke hakuamka tena.

Mokrane akafungua mlango, akayasukuma makopo yote nje.

Kicheko kikatoka mbele. Alikuwa rubani, Luteni Barthas.

"Tupa tu, Sajini! Mengine nimeyakalia mimi!"

"Geuza ndege, Luteni."

"Nigeuze? Umerukwa na akili! Tin Rekkal wananingoja watu wenye bunduki. Wewe na hiyo bastola yako mbovu utafanya nini?"

Mokrane aliinua macho. Bomba la petroli lilipita juu ya mlango. Alifunga koki, akaipiga kwa kitako cha bastola mpaka ikavunjika.

Injini ikakohoa.

Ikanyamaza.

"Mshenzi wewe! Umetuua!"

Mokrane akashika redio. "Béchar, tunaanguka kusini mwa Tabelbala. Mzigo hautafika. Leteni ndege."

"Sajini…" Sauti ilisita. "Ndege ya kufika huko tunayo moja tu."

"Ipi?"

"Hiyo uliyomo."

Waliangukia matuta. Bawa likang'oka, pipa la maji likapasuka. Unga mweupe wa arseniki ukamwagika mchangani, mahali asipokunywa mtu.

Mokrane alitambaa nje, ubavu ukimchoma. Barthas alikuwa amebanwa, miguu yote imevunjika. Mokrane alivuta vyuma mpaka viganja vikatoka damu. Havikusogea. Akafungua chupa yake, akamnywesha.

"Unanipa maji?" Barthas alishangaa. "Mimi?"

"Kunywa, bwana."

"Ulijua hakuna wa kutufuata?"

"Sikujua."

"Na kama ungejua?"

Mokrane alitazama mchanga kila upande. Alimfikiria mama yake kule Kabylia, ambaye angeambiwa tu kwamba mwanawe alikufa akiwa muuguzi.

"Ningeifunga tu ile koki."

Aliacha chupa mkononi mwa Barthas. Akawasha sigara ya Bastos, akafunga vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi? Hufiki popote, mjinga wewe!"

"Najua."

Akaelekea kaskazini, bila haraka.