Watoto Wawili Wasiochorwa

Sogezeni vigoda, majirani zangu wa Kizwite, na wewe unayesoma ukiwa mbali, kaa hapo hapo ulipo. Nina jambo zito, na safari hii sitatania sana. Nitatania kidogo tu, maana mdomo huu nimezaliwa nao.

Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ule upepo wa Ufipa unapopenya mpaka kwenye meno, kama bado unayo. Mimi na Kulsumu tulikuwa tunaota jua nyuma ya duka la mwanawe Sadick, tunapukuchua maharage. Miaka hamsini tumekuwa majirani, yeye Mwislamu wa dukani, mimi Mfipa wa ulezi. Siku hiyo alikuwa na raha. Ummy, binti mkubwa wa Sadick, alikuwa ameposwa na Ridhiwani, mtoto wa shangazi yake. Wajukuu wake wawili waoane, duka la Sadick na lori la akina Ridhiwani vibaki nyumba moja. Nani asingefurahi?

Ndipo akaja Jasmin, mdogo wake Ummy, wa kidato cha tatu, na daftari mkononi. Shuleni kwao walikuwa wamefika wageni wa chuo kikuu wanaozunguka mashuleni kufundisha mambo ya vinasaba. Walisaga kitunguu, wakatia chumvi na sabuni ya maji, wakamiminia spiriti ya baridi, zikaelea nyuzi nyeupe kama ute.

"Kwenye hizo nyuzi ndiko yalikoandikwa tunayorithi," alituambia.

"Kumbe miaka yote nakula mchuzi wenye maandishi," nikasema. "Nimeishia darasa la nne, ndiyo maana sikuyasoma."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Wageni wale walikuwa wamewaeleza habari za selimundu. Chembe za damu zinapinda kama mundu wa kuvunia, zinakwama njiani, mtoto anaumwa mifupa. Mzazi mmoja akiibeba bila kuumwa, mtoto haugui. Wakikutana wawili wanaoibeba, kila mimba ni bahati nasibu, mmoja kwa wanne huugua. Na watu wa ukoo mmoja ni rahisi kukutana.

Sadick alikuwa amesimama mlangoni. Jasmin akamgeukia. "Baba, dada na Ridhiwani wapimwe kwanza."

"Wapimwe nini? Damu yetu?"

"Ni kipimo tu, baba."

"Nionyeshe mtu mmoja wa ukoo huu aliyeugua hicho kitu. Mmoja tu. Nitawapeleka hospitali mimi mwenyewe."

Kulsumu hakuinua macho kwenye maharage. Nami sikuinua.

Sasa nisikilizeni. Kabla Sadick hajazaliwa, Kulsumu alizaa watoto wawili, Hamidi na Sikudhani. Wote walivimba viganja, macho yakawa ya njano, wakalia usiku na mchana. Wa kwanza hakutimiza miaka mitatu, wa pili hakutimiza minne. Watu wakasema wamerogwa. Huku kwetu mchawi hakosekani, hata kuku akiharisha. Maji ya kuwaoshea nilichota mimi. Arobaini ya Sikudhani ilipokwisha, Kulsumu alinishika mkono. "Dada, wasitajwe tena. Wakisema nyumba hii ina damu mbaya, nani ataoa kwangu?" Nikaapa. Sadick na dada yake wakazaliwa, wakakua bila kujua.

Kesho yake Jasmin alikuja kwangu peke yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeniletea kitunguu?"

"Nachora ukoo wetu. Mwanamume mraba, mwanamke duara. Aliyeugua anapakwa rangi."

"Mimi ungenichora debe."

"Bibi, acha utani leo. Wewe ndiye unayemjua bibi Kulsumu tangu zamani. Alizaa wangapi?"

Penseli ilikuwa juu ya karatasi, inangoja.

"Wawili," nikasema. "Baba yako na shangazi yako. Angezaa wa tatu, pale dukani wangekosa pa kuweka sukari."

Alicheka. Nilijua atacheka, na mtu anayecheka harudii swali.

Sadick aliitazama ile karatasi, hakuna aliyepakwa rangi. Akamsifu binti yake kwa kuchora vizuri, ndoa ikafungwa. Pilau nilikula sahani mbili.

Mwaka uliofuata Ummy akajifungua mtoto wa kiume. Alipofika miezi minane, viganja vyake vilivimba kama maandazi. Niliviona nikajua, hata kabla ya hospitali.

Hospitali tulikwenda sote, Kulsumu na Jasmin wakiwemo. Daktari Mbonile alipopata majibu ya damu alisema ni selimundu, akauliza, "Kwenye familia yupo aliyewahi kuugua hivi?"

"Hakuna," Sadick akajibu. "Tulichora mpaka karatasi."

Mtoto akiguswa analia, akiachwa analia. Ummy akanipa. "Bibi, mshike wewe, umelea wengi." Nilimshika. Katika maneno yangu yote ya miaka sabini na kitu, sikupata hata moja la kumpoza.

"Walikuwepo," nikasema. "Hamidi na Sikudhani."

Kulsumu alijifunika uso kwa mtandio. Sadick, mtu mzima mwenye mjukuu, akauliza, "Hao ni akina nani?"

"Ndugu zako."

Jasmin hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alifungua daftari, akanipa penseli. "Chora mwenyewe, bibi."

Mraba wangu ulipinda, duara likawa kama yai.

"Wapake rangi."

Nikapaka mpaka karatasi ikatoboka.

Mtoto sasa ana dawa za kila siku na kliniki. Daktari amesema asipigwe na baridi. Baridi, hapa Sumbawanga. Tunamfunika mablanketi, tunamnywesha maji, na maumivu yakija tunakaa tunamtazama. Hakuna kingine tunachoweza.

FUNZO

Watajeni watoto wenu waliokufa. Mwanafunzi akija na daftari kuuliza ukoo, mtajieni wote, hata walioishi siku tatu. Kupima kabla ya ndoa si kuvunja ndoa. Ummy na Ridhiwani wangeamua lolote, lakini wangeamua wakijua. Shule ilileta elimu hadi mlangoni kwetu, na mimi kizee nikaigeuza njia kwa kichekesho.

Nikiulizwa leo Kulsumu alizaa wangapi, nasema wanne. Hesabu hiyo nilikuwa nayo tangu zamani. Niliitoa mtoto akiwa tayari analia.