Jalada Namba Arobaini na Mbili

Kabati la tatu la masjala ya ofisi ya uwekezaji lilikuwa wazi. Kufuli lilikuwa zima, lakini jalada la mwekezaji wa kiwanda cha viatu halikuwamo. Inspekta alipiga magoti, akamulika tochi chini ya kabati. Vumbi tupu.

"Siku ya tatu hii nazunguka kama pia," alimwambia koplo wake. "Kila mlango unanisukumia mlango mwingine."

Ndani ya jalada lile mlikuwa na cheti halisi cha uwekezaji. Kwa sheria ya zamani, kilimsamehe mwekezaji huyo, mgeni kutoka nje, kodi kwa miaka kumi. Sheria mpya ilifuta misamaha yote, isipokuwa kwa wenye vyeti hivyo. Kesho mwekezaji angesimama mbele ya baraza la rufaa za kodi. Bila cheti, kiwanda kingefungwa, na wafanyakazi mia tatu wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Mwekezaji mwenyewe alimdaka Inspekta kwenye korido, kola imelowa jasho.

"Nakala ninayo, mnasema haitoshi! Nilete nini tena? Tangu nije, sheria yenu imebadilika mara nne!"

Asubuhi ile Inspekta mwenyewe alikuwa ameomba kuonyeshwa sheria inayotumika sasa. Ofisi mbili zikampa vitabu viwili tofauti.

Mtunza masjala, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Mihuri, alimfunulia daftari la kutolea majalada.

"Soma mwenyewe, baba. Alilichukua wakili wetu, Jumatatu."

Sahihi ilikuwapo. Wakili, aliyeajiriwa mwaka jana tu, aliletwa amefura kwa hasira.

"Hii sahihi yako?"

"Inafanana. Si yangu."

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Mahakamani kutwa nzima. Muulize hakimu."

"Jalada la mwekezaji ni namba ngapi?"

"Mia nane na sita."

Inspekta alirudisha macho daftarini. "Hapa pameandikwa arobaini na mbili."

"Namba hiyo siijui kabisa."

Koplo alipiga simu mahakamani, hakimu alithibitisha. Inspekta akapanda ngazi mbilimbili hadi kwa mkurugenzi.

"Arobaini na mbili ni nini?"

"Namba ya zamani ya jalada hilohilo. Ilipokuja sheria mpya, tulibadilisha namba zote."

"Nani bado anazikumbuka?"

"Waliozijua wamestaafu wote. Nimebaki mimi na Bi Mihuri."

Inspekta alishuka masjala, akavuta kiti, akaketi.

"Sahihi uliighushi vizuri, mama. Namba ndiyo iliyokuponyoka. Cheti kiko wapi?"

Bi Mihuri alilifunga daftari taratibu. "Majivu. Nilikichoma jikoni kwangu."

Siku tatu za kuhangaika, na mwisho wake majivu! Inspekta aliuma meno. "Kwa nini?"

"Mume wangu alikuwa na karakana ya viatu. Mafundi kumi na wawili. Aliomba msamaha kama ule. Barua ya kumkatalia niliichapa mimi, kwa vidole hivi: msamaha ni wa wawekezaji wa nje tu. Wiki ileile nikakigongea muhuri cheti cha mgeni. Viatu vyake vikauzwa nusu ya bei ya vyetu. Miezi minane, karakana ikafa."

"Na mumeo sasa?"

"Bawabu. Kiwandani kwa mgeni huyohuyo. Kila asubuhi anamfungulia lango na kumpigia saluti. Nikasema, basi, heri kiwanda chenyewe kifungwe."

"Kikifungwa, mama, mumeo naye yumo katika hao mia tatu."

Hilo halikuwa limempitia Bi Mihuri akilini. Inspekta alichukua kalamu aandike maelezo yake, akaiweka chini tena. Hasira aliyotembea nayo siku tatu ilikuwa imekosa mtu wa kumwangukia.

"Nitalazimika kwenda kumwarifu mumeo kwamba nimekukamata," alisema.

"Nenda, baba." Mama aliziweka funguo za masjala mezani. "Ila nakuomba, usimwambie pale langoni. Mgeni asimwone akilia."