Neno Nililojifanya Kulijua

Kila asubuhi mama hufunga jembe kwenye baiskeli na kwenda kulima majaruba yetu ya mpunga, nami huosha vyombo kabla ya kukimbilia shule hapa Ifakara. Siku ya wazazi aliniambia, "Minza, nitapitia shuleni kwenu nikitoka shamba." Nilifurahi, kwani mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma insha ya Kiingereza.

Wiki moja kabla, Mwalimu Odilia aliniuliza, "Neno 'dignified' unalijua? Liweke kwenye insha."

"Nalijua, mwalimu!" nilidakia. Uongo mtupu! Kamusi ilikuwa palepale mezani, lakini niliona aibu kuifungua. Nikajiambia, 'dig' si kulima? Basi.

Zamu yangu ilipofika nilisoma kwa madaha: "My mother is dignified. Every day she digs." Kisha nikawatafsiria wazazi: "Mama yangu ni mlimaji. Kila siku analima."

"Hee! Dignified ndiyo mlimaji?" Lukelo, kiranja wetu, akaangua kicheko. Uwanja mzima ukacheka. Mtu akapaza sauti, "Mama Jembe!" Mama alikuwa mstari wa mbele, tope la shamba bado miguuni.

Mwalimu mkuu alisimama, amekasirika. "Nani kakufundisha hivyo?"

Nikamtazama Mwalimu Odilia. Nikimtaja yeye, nimepona. Lakini yeye ataaibika mbele ya wazazi wote.

Mama akainuka taratibu, akafunga vizuri kitenge chake, akangoja watu wanyamaze.

"Mwanangu, sema kweli. Kulima hakunitii aibu. Uongo wako ndio utakaonitia aibu." Akaketi.

Machozi yalinitoka. "Sikufundishwa na mtu. Nilidanganya kwamba najua. Nisameheni."

Mwalimu Odilia alinishika bega. "Mmemwona mama huyu? Amechekwa, hajatukana wala hajainamisha kichwa. Huyo ndiye 'dignified', mtu anayejiheshimu hata akidharauliwa. Na wewe Minza, usichokijua, uliza. Ukijifanya unajua, siku moja utamponza asiye na kosa. Haya, soma tena."

Nikajifuta machozi. "My mother is dignified. Mama yangu ni mtu wa heshima zake." Nikakunja karatasi.

"Na kulima je?" mama akauliza kwa sauti. "Mbona umekuruka?"

Nikacheka huku nalia. "And every day she digs!"