Wanasesere wa Kitenge cha Ndege

Kila alasiri, akitoka shuleni, mtoto aliyeitwa Sikujua alipitia barazani kwa Tonton Jafari, mdogo wa mama yake, fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo. Alipiga magoti chini ya cherehani na kuokota vilivyoanguka: mabaki ya vitenge, vipande vya kitambaa cheusi cha abakosti, ile suti ya wanaume isiyovaliwa tai, na nyuzi.

"Wewe mtoto, siku moja utaniokota na mimi!" Tonton Jafari alimtania.

Kwa vipande hivyo Sikujua alishona wanasesere. Aliwajaza sufi, akawasuka nywele za uzi, akawavalisha akina papa abakosti na akina mama vilemba. Ulikuwa mchezo tu, mpaka Mama Colette, muuza vitambaa wa sokoni, alipomwona mmoja. Jina hilo la Colette serikali ilikuwa imelipiga marufuku pamoja na majina yote ya Kizungu, lakini sokoni hakuna aliyeliacha.

"Bon, niletee," alisema. "Nitakupa nafasi kwenye meza yangu. Lakini sikiliza: wateja wananiamini mimi. Siku ukiniharibia jina, nafasi imekwisha."

Wanasesere walipendwa. Sikujua akaanza kuota cherehani yake mwenyewe. Lakini mwaka ule meli za mtoni zilizoleta vitambaa kutoka Kinshasa zilichelewa sana, maduka yakabaki matupu, na chini ya cherehani ya Tonton Jafari hapakuanguka kitu. Na sikukuu ya kufunga shule ilikuwa karibu, wazazi wakiulizia wanasesere wa kuwapa watoto.

Asubuhi moja alikwenda kijitoni kuchota maji. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Kwenye kichaka cha ukingoni kilining'inia kitenge cha buluu chenye ndege weupe, kizima kabisa. Sikujua alijua maana yake. Watu wa mtaa ule, wakimaliza matanga, walivua nguo za msiba pale, wakaziacha na kuondoka bila kugeuka. Mama yake alimwonya tangu utotoni: vya pale haviguswi.

Alitazama huku na huku. Vyura walikuwa wamenyamaza. Ndege weupe walionekana kumtazama yeye. Akakivuta kwa haraka, na tawi likaruka nyuma kama mkono ulionyang'anywa kitu.

"Kitambaa kizuri!" Mama Colette alisema alipoletewa wanasesere wapya. "Kimetoka wapi?"

"Kwa tonton," Sikujua alijibu.

Wote walinunuliwa siku ile ile.

Siku chache baadaye aliamka kufagia ua, kama ilivyokuwa kazi yake. Ua ulikuwa umekwisha kufagiwa. Mistari ya ufagio ilitoka mlangoni hadi barabarani, bila alama hata moja ya mguu. Na kizingitini alikaa mwanasesere wa kitenge cha ndege, uso wake ukielekea mlango, miguu yake imelowa umande.

"Mama, nani amefagia?"

"Si wewe? Mbona unaniuliza mimi?"

Sikujua alimficha chini ya kitanda. Kesho yake kizingitini walikaa wawili wengine, bega kwa bega. Kisha wengine. Kila mara ua ulikuwa umefagiwa. Sokoni wanawake waliomwita "fundi mdogo" sasa walitazama pembeni. Darasani, aliposikia ufagio ukikwaruza nje, aliacha kuandika. Wanasesere walirudi wote, isipokuwa mmoja, na huyo ambaye hakurudi ndiye aliyemtisha kuliko wote.

Hatimaye Mama Colette alimwita. Tonton Jafari alikuwa amesimama nyuma ya meza, amekunja mikono.

"Niambie tena. Kitambaa kilitoka wapi?"

Sikujua alifungua kinywa ili aseme uongo ule ule. Akamtazama mjomba wake, akashindwa. "Kijitoni, mama. Nilikichukua kijitoni."

Mama Colette alishusha pumzi. "Ni kitenge cha matanga ya Françoise, binti wa Mama Adèle. Familia nzima ilikivaa. Wateja wamekitambua. Kitu cha marehemu kikiingia kwako, unakirudisha alfajiri bila kusema na mtu, unafagia nyayo zako ili msiba usikufuate. Sasa unajua ua wako ulifagiwa na nani."

Hofu ilimtoka Sikujua, na aibu ikaingia mahali pake. "Na yule mmoja?"

"Jirani mgeni alimnunulia Georgette, mtoto wa marehemu. Hamwachii. Anamwita mama. Anamlisha chakula chake, na yeye hali."

Walikwenda wote watatu. Kwa Mama Adèle madirisha yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Georgette alikaa mkekani, na sahani ya lituma, ndizi zake za kupondwa, ilikuwa mbele ya mwanasesere. "Nyamazeni," alinong'ona. "Mama anakula."

Sikujua akapiga magoti. "Mama Adèle, mimi ndiye niliyechukua kitenge. Nikadanganya kwamba nilipewa. Nisamehe."

"Nilikiacha kule ili machozi yabaki kule," bibi alisema. "Wewe umeyaleta mpaka kwenye sahani ya mjukuu wangu."

"Ningependa kumshonea mwingine. Ila sina kitambaa. Labda wewe mwenyewe unipe."

Mama Adèle alifungua sanduku lake, akatoa kilemba cha manjano. "Hiki Françoise alikivaa akicheza ngoma."

Sikujua alishona pale pale. Georgette alimsogelea kidogo kidogo, mwishowe akawa anampa sufi kwa vidole vyake.

"Huyu ni nani?" aliuliza uso ulipokamilika.

"Huyu ni mtoto wako. Atataka kubebwa mgongoni. Lazima ule, upate nguvu."

Georgette alifikiri. Kisha akamega lituma, akatia kinywani mwake. Mama Adèle akageukia ukuta, akijifuta machozi.

Jioni waliwarudisha wanasesere wa ndege kwenye kichaka cha kijitoni, pamoja na yule ambaye Georgette alikuwa amemwachia. Walipoondoka, Sikujua alisikia nyuma yake kitu kama mabawa yakipigapiga. Hakugeuka.

"Mikono yako ni mizuri, mwanangu," Tonton Jafari alimwambia njiani. "Lakini mtu akinunua kitu chako anakiingiza nyumbani kwake, anampa mtoto wake. Ana haki ya kujua kilikotoka. Ukimficha hilo, kazi yako nzuri inamdhuru."

"Alors, utakwenda kwa kila mteja," Mama Colette aliongeza. "Umwambie ukweli kwa mdomo wako, umshonee mwingine kwa kitambaa chake mwenyewe. Halafu tutazungumza habari ya nafasi."

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Wengine walimfokea. Lakini wengi walileta vitambaa: gauni lililombana mtoto, shati la babu. Meli zikaendelea kuchelewa, na Sikujua hakukosa tena kitambaa, wala nafasi mezani.

Na asubuhi moja alifungua mlango, akakuta ua umejaa majani makavu na nyayo za kuku. Akacheka peke yake, akachukua ufagio.