Diski ya Chumba Kimoja

Masomo yalipokwisha, Maswali hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kituo cha afya, akamsalimia mama yake aliyekuwa mkunga wodi ya wazazi, kisha akajiendea chumba cha mitambo kwa mjomba wake. Shuleni aliitwa jina jingine, lakini tangu alipoanza kusema alikuwa hatulii bila kuuliza jambo, na jina la Maswali likamganda kama ulimbo.

Mjomba alikuwa fundi wa kompyuta wa kituo. Chumba chake kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na feni ilinguruma humo tangu asubuhi hadi jioni. Ndani ya kabati la chuma ilikaa seva, yaani kompyuta kubwa iliyotunza habari za wagonjwa wote: nani anaumwa nini, kapewa dawa gani, damu yake imeonyesha nini. Kompyuta za mapokezi, maabara na duka la dawa zote ziliitegemea hiyo moja. Kando ya kabati palikuwa na meza yenye skrini ya zamani iliyounganishwa na seva. Hapo ndipo Maswali alipofanyia kazi zake za shule.

"Kazi za shule tu, mpwa wangu," Mjomba alimwonya siku ya kwanza. "Hii mashine si uwanja wa michezo."

"Kwani inaweza kujaa, Mjomba?"

"Ina nafasi ya kukutosha wewe na wajukuu zako," alijibu Mjomba akicheka.

Ule ulikuwa utani, ila Maswali aliubeba kama ulivyo. Timu yao ya netiboli ilikuwa imeshinda mechi nyingi muhula ule, na wenzake walikuwa na video nyingi za mechi hizo hadi simu za wazazi wao zikawa hazina nafasi tena.

"Nileteeni mimi," Maswali alijigamba. "Mashine ya mjomba wangu haijai."

"Una hakika hatakasirika?" aliuliza kapteni wa timu.

"Hata hatajua."

Wakamletea. Leo video mbili, kesho tano. Maswali aliziweka ndani ya jalada aliloliita "Hesabu", ili mtu akiliona asiwe na hamu ya kulifungua.

Siku moja walimu walikuwa na mkutano, wanafunzi wakapumzika. Asubuhi Maswali alikuwa mezani pale, akitazama fainali huku Mjomba yuko nje akitengeneza waya. Mara picha ikaganda. Mpira ukabaki juu hewani, na mlinda goli mdomo wazi. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, wapi!

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa dada wa mapokezi.

"Fundi yuko wapi? Siwezi kuandikisha hata mgonjwa mmoja!"

Kabla hajapewa jibu, mtu wa duka la dawa akaingia nyuma yake. Naye kompyuta yake ilikuwa imegoma. Mjomba alikuja mbio, bisibisi bado mkononi, akaketi mbele ya seva na kuandika amri moja baada ya nyingine. Uso wake ukabadilika.

"Diski ya kutunzia habari imejaa," alisema taratibu. "Imejaa mia kwa mia. Imejazwa na nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani Maswali hakuwa na swali. Mjomba alipomgeukia mtu wa dawa, yeye alijaribu haraka kufuta lile jalada. Mshale kwenye skrini ulikataa kusogea. Akachomoa kibodi, akaichomeka tena. Mpira ulikuwa bado hewani.

Akatoka, maana chumba kilimbana. Huko nje ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama wameegemea ukuta. Daktari alikuwa akiandika kwenye karatasi tupu na kumwuliza kila mgonjwa, "Mara ya mwisho ulipewa dawa gani?" Mzee mmoja alijibu, "Vile vidonge vyeupe," daktari akashika kichwa. Vidonge vyeupe viko vingapi?

Mlangoni mwa maabara, baba mmoja alimpakata mtoto wa miaka mitatu hivi, macho yamemlegea kwa homa. Mkononi mtoto alikuwa na kipande cha pamba kilichobandikwa.

"Majibu yalitoka, ndugu yangu," mpimaji alikuwa akimweleza. "Nikayatuma kwenye mashine. Kumbe hayakuandikika. Na ile damu nimeshaimwaga."

"Kwa hiyo?"

"Itabidi nimtoe nyingine. Nisamehe."

Mtoto alielewa. Aliuficha mkono nyuma ya mgongo, akaanza kulia kabla hata sindano haijaonekana. "Nilishatoa, baba! Nilishatoa!"

Maswali aliziba masikio, lakini kile kilio kilipita katikati ya vidole. Alitamani autoe mkono wake yeye. Ungesaidia nini? Damu yake isingeeleza homa ya mtoto wa mwenzie.

Mama yake alipita akiwa na beseni. "Wewe, mbona umenywea hivyo? Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

Mama alimtazama kidogo, akaendelea na safari yake. Wodini kulikuwa na watu wanaomsubiri.

Maswali akarudi chumba cha mitambo. Mjomba jasho lilikuwa likimtiririka. Bado alikuwa akitafuta.

"Mjomba." Akasogea karibu na kiti chake. "Angalia jalada la Hesabu. Si hesabu. Ni video zangu."

Mjomba hakumgombeza. Alilifungua, akaguna, akalifuta lote. Maswali akashusha pumzi. Lakini namba kwenye skrini haikushuka hata kidogo.

"Si umezifuta?"

"Nimefuta majina tu. Video kubwa kuliko zote bado imefunguliwa mahali. Ikiwa imefunguliwa, nafasi yake haiachiliwi." Akaitazama ile skrini ya zamani, na mpira ulioganda hewani. "Naona. Na hii nayo haisikii amri. Hapa hakuna jingine ila kuzima seva nzima na kuiwasha upya."

Akaizima. Feni ikanyamaza, na kelele za watu nje zikasikika wazi kabisa. Ilipowaka tena, seva ilianza kujikagua yenyewe, polepole, faili moja moja.

"Tufanye nini sasa?" Maswali aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna. Tunangoja."

Walingoja. Dada wa mapokezi alichungulia, akaondoka. Daktari naye alichungulia. Kila mlango ulipofunguka, Maswali alisikia kikohozi cha mtu mwingine. Hakujua kwamba kukaa kitako kunaweza kuchosha kuliko kulima.

Mchana ndipo kompyuta za mapokezi zilipofufuka. Habari za zamani zilikuwa salama. Majibu ya maabara ya asubuhi ile yalikuwa yamepotea, na wote waliopimwa walitobolewa upya.

Mjomba alikwenda kwa mganga mkuu, naye Maswali akamfuata. Maswali alieleza alichofanya, macho sakafuni. Lakini Mjomba aliongeza: "Na mimi nina langu, Daktari. Nilipoisimika hii seva nilikuwa na haraka, diski nikaiacha chumba kimoja, bila kuigawa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta wenyewe sikuujenga, ufa ningeuonea wapi?"

Jumapili, siku ambayo wagonjwa huwa wachache, Mjomba alinakili kila kitu pembeni, kisha akaigawa diski upya. Maswali alishika kalamu na karatasi.

"Nyumba ya chumba kimoja, ukipika, moshi unalala nawe kitandani," Mjomba alimweleza. "Kwa hiyo tunagawa. Hapa ni mahali pa mfumo wenyewe unaoiendesha mashine. Hapa habari za wagonjwa, papewe nafasi kubwa. Hapa kumbukumbu za mashine, yaani orodha ya kila inachofanya, maana nazo huongezeka kimyakimya. Na hapa ni pa watumiaji, watu kama wewe."

"Mbona kwetu padogo?"

"Unaniuliza?"

Maswali akainamisha kichwa. Kazi ilipokwisha, Mjomba akamsogezea kibodi.

"Jaza."

"Nini?"

"Jaza sehemu yenu mpaka itapike."

Alinakili faili juu ya faili, mpaka skrini ikamwandikia kwamba hakuna nafasi tena. Mjomba akainua simu, akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Mapokezi, mmekwama?"

"Hapana, fundi," dada akajibu. "Ndiyo kwanza nimemwandikisha mama mmoja sasa hivi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu." Mjomba akaikata simu, akamgeukia mpwa wake. "Umeona? Mtu kukosea hatuwezi kuzuia. Kazi ya mwenye kupanga ni kuhakikisha kosa la mmoja halimfikii asiyehusika. Na kazi ya aliyekosea ni kusema mapema. Ungeniambia nilipouliza mara ya kwanza, yule mtoto pengine angetobolewa vilevile. Lakini waliomfuata?"

Maswali alikuwa akiwahesabu kichwani, kila aliyemwona kwenye yale mabenchi.