Ndoo ya Bluu Bombani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipeleka ndoo bombani. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi mtaa ulifurika watu. Nyumba zilizokaliwa na familia moja moja sasa zilipangishwa chumba kimoja kimoja, lakini bomba lilibaki lile lile. Kwa hiyo ndoo ndizo zilizopanga foleni: unaiacha yako, unarudi nyumbani kufagia, na hakuna anayeigusa.

Hakuna, isipokuwa Chiriku. Kila alipoiona ndoo ya bluu ya wapangaji wapya, aliisogeza mkiani mwa foleni.

"Waliokuja jana ndio watangulie?" aliwaambia wenzake, nao wakacheka.

Mwenye ndoo alikuwa binti wa fundi mwashi, aliyehamia na baba yake kutoka mbali kufuata kazi za ujenzi. Alisoma darasa moja na Chiriku. Lafudhi yake ilikuwa ngeni, lakini kwenye hesabu hakuwa na mpinzani. Mara kwa mara alichelewa shuleni, akaadhibiwa, asilalamike.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa mwaka Chiriku aliisogeza tena ile ndoo, na mtihani ulipoanza, kiti cha binti wa mwashi kilikuwa kitupu. Chiriku alichungulia dirishani akamwona nje ya lango lililofungwa, sketi imelowa maji, analia. Karatasi ilikuwa mbele yake, lakini hakuelewa hata swali la kwanza.

Mchana alimweleza mama yake, mshonaji, kila kitu. Mama akaacha kukanyaga cherehani.

"Kumbe ni wewe unayemchelewesha mtoto wa watu! Haya, twende ukayaseme hayo kwa mwalimu wako."

Mwalimu alimkemea Chiriku vikali, kisha akakubali binti wa mwashi afanye mtihani kesho yake. Mama na mwana wakapeleka habari hizo chumbani kwa mwashi. Wakakuta godoro limeshafungwa kamba.

"Asante, mama," alisema mwashi. "Mtihani ataufanya. Ila tunahama. Nimewajengea watu nyumba kila mahali, lakini mwanangu sitamweka asipotakiwa."

"Nisamehe," Chiriku alimwambia binti wa mwashi.

"Nimekusamehe," alijibu yule, macho chini. "Mimi nilidhani sijui kupanga foleni ya huku. Kila siku nilijilaumu."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Njiani alilia kwa majuto.

"Mama, nifanye nini wabaki?"

"Hakuna, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtihani tumeuokoa, jirani tumempoteza." Mama alimfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mimi na baba yako tulihamia hapa hatumjui mtu. Waliotutangulia walihamia pia. Mtaa huu hauna wenyeji, una waliowahi kufika tu. Anayekuja, mpokee siku hiyo hiyo anapokuja. Siku ya kufunga godoro, mapokezi hayamsaidii tena."